Propela ya Mtani

Spana ya kwanza niliyomrushia yule fundi ilikuwa namba kumi na saba, na ilimkosa. Ilipita juu ya bega lake ikapasua taa ya gari la mteja mwingine. Mume wangu, mtu mpole kupita kiasi, akaenda kuomba radhi huku mimi natafuta spana nyingine. Fundi hakusogea. Alikuwa amechuchumaa mbele ya difu yetu iliyofunguliwa, lile bonge la gia katikati ya magurudumu, mikono myeusi mpaka viwiko, anacheka.

"Kaka, huyu mkeo ulimtoa porini nini? Mfunge kamba. Wahehe wakikosa mbwa wa kula wanaanza kung'ata watu."

Mimi ni Mhehe, mume wangu alikuwa Mhehe, na fundi alikuwa Mngoni. Babu zetu walichinjana mpaka wakachoka, na walipochoka wakatuachia utani. Kwa asiyejua, mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kuingia bandani akachukua kuku wako na kuondoka naye mchana kweupe, nawe huruhusiwi kukasirika. Msibani ndiye mwenye kazi kubwa kuliko padre. Atalala ndani ya kaburi kabla jeneza halijashuka, adai apewe kitu ndipo atoke, na watu waliokuwa wanalia watajikuta wanacheka. Yote hayo yana sheria moja tu. Mtani hapigwi. Spana yangu iliikaribia sana sheria hiyo, na kwa kuwa ilikosa, fundi alidai jogoo mmoja yakaisha.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa gari. Tulikuwa na kipanya cha zamani, cha dizeli, injini chini ya kiti, kile cha fowili ambacho magurudumu yote manne yanavuta. Mimi nauza samaki. Asubuhi nipo Kunduchi samaki wanaposhushwa, gari nimelishusha mchangani mpaka karibu na maji, kisha nabeba mzigo na barafu kuwapelekea mama lishe wa Bunju ya ndani, huko ambako udongo ni mfinyanzi na ukilowa unateleza kama mlenda. Gari linalovutwa na magurudumu mawili tu halifiki. Waliojaribu niliwapita wamekwama mtaroni, samaki wao wakiwa na nzi. Bila fowili sina biashara, na bila biashara wanangu hawali wala hawasomi. Ndiyo maana siku fundi alipofungua difu ikamwagika kitu cheupe kama chai ya maziwa, akasema mbele ya watu kwamba mimi ndiye niliyeiua kwa kuiogesha baharini, mkono wangu ulienda kwenye spana wenyewe.

Lakini alikuwa anasema kweli, na hiyo ndiyo ilikuwa shida ya yule mtu: katikati ya upuuzi wake kulikuwa na ukweli, ukawa unalazimika kuuchambua kama mchele wenye mawe. Difu ikipata moto halafu ikaingia majini inavuta pumzi, inanyonya maji kupitia kile kitundu chake cha kupumulia. Akakifunga mpira mrefu na kuupandisha mpaka chini ya paa. Mbele alifanya vivyo hivyo. Gia boksi ya otomatiki, ambayo ilikuwa inawaka kila tukipanda mlima wa kwetu, aliing'oa akaweka ya kukanyaga klachi. Propela, ile miti miwili ya chuma inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele na ya nyuma, alizitoa zote mbili akazipeleka kupimwa zisitikise, akazifunga krosi mpya, vile viungo vya msalaba kwenye ncha, zenye tundu za kupigia grisi.

Nilikuwa nashinda pale gereji nikishuhudia, na nawaambia hakuna upole kwenye kazi ile. Nati iliyoshikwa na chumvi haibembelezwi. Inapigwa nyundo, inachomwa moto, inatukanwa, inapigwa tena. Beringi inatolewa kwa kishindo. Nilimwona fundi akipoteza kucha mbili kwenye hab moja ya gurudumu, akafunga kidole kwa kitambaa cha kufutia oili na kuendelea. Mimi nilipenda. Sijui kama inafaa kwa mama mtu mzima kusema hivyo, lakini kelele zile zilikuwa zinanituliza.

Kutunza kulikuwa kazi ya mume wangu. Kila nikitoka Kunduchi alilala chini ya gari akaliosha kwa maji ya bomba, akatoa chumvi kwenye kila kona, na Jumamosi akapiga grisi zile krosi mpaka ya zamani itoke na mpya ionekane. Karani wa ofisini, mikono laini, lakini chini ya lile gari alikuwa mtu mwingine. Breki ya mkono tu ndiyo ilitushinda. Chumvi ilikuwa imeshaila, tukawa tunaegesha kwa kuacha gia imeingia na kuweka jiwe nyuma ya tairi.

Siku moja mume wangu alikwenda kununua grisi akagongwa na bodaboda barabara ya Bagamoyo. Nilipofika alikuwa ameshafunikwa kanga ya mtu, na mwenye bodaboda alikuwa chini anapigwa. Walimpiga kwa mateke, kwa matofali, kwa kofia yake mwenyewe. Nilijipenyeza nami nipate nafasi yangu. Fundi alinikamata kwa nyuma akanibana mikono. Nilimng'ata mkononi mpaka nikasikia ladha ya damu na oili, na hakuniachia.

"Ng'ata tu," akaniambia sikioni. "Ng'ata, mie nyama yangu ngumu. Ukimuua huyu utarudishiwa nani?"

Yule kijana wa bodaboda alipona. Tulimzika mume wangu Bunju, kwa sababu mwenyewe alishasema asisafirishwe. Fundi alifanya kazi yake ya utani. Alishuka kaburini na viatu, akajilaza, akapiga kelele kwamba Mhehe huyu ana deni lake la grisi na hafukiwi mpaka alipe. Akapewa jogoo, akatoka, akajipangusa mchanga. Niliona macho yake yalikuwa mekundu, lakini mtani haruhusiwi kulia, na hakulia.

Siku ya kuanua matanga ndiyo tulipochinjana wenyewe kwa wenyewe.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, anakaa Tabata. Wakati kaka yake akiwa hai tulimwona sikukuu kwa sikukuu. Asubuhi ile alikuja na shati la mikono mirefu, akakaa kwenye kiti cha mume wangu, na kikao cha familia kilipoanza akasema gari ni mali ya ukoo na ataondoka nalo siku hiyohiyo. Alikuwa ameshautoa ufunguo kwenye msumari.

"Mwanamke atatunza fowili?" akasema. "Si litaoza hapo nje? Sie tunataka kulisaidia."

"Utalisaidia kwenda wapi?" nikamuuliza.

"Shem, usipandishe sauti kwenye kikao."

Niliamka kwenye mkeka. Kulikuwa na mchi umeegemezwa ukutani, nikaupata kabla hawajanipata. Wanawake wanne walinirukia. Nilimpiga mmoja wao kiwiko cha pua, maskini, jirani yangu mwenyewe. Walinikalisha chini, mmoja akanikalia miguu. Nilimtafuta mama mkwe wangu kwa macho. Alikuwa huko chini kwenye mafiga, anakoroga sufuria kubwa la maharage, ametupa mgongo. Niliutazama mgongo ule nikasema kimoyomoyo kwamba basi, nimeshapoteza. Nilisikia uchungu kuliko siku ya mazishi.

Hapo ndipo tuliposikia kugongwa kwa chuma kutoka chini ya gari.

Kiwanja chetu ni mteremko. Gari lilikuwa juu, pua imeelekea getini, na chini yake, usawa wa nyuma kabisa, ndipo yalipokuwa mafiga. Tukatazama, tukaona miguu ya fundi imechomoza. Kisha akatoka mwenyewe, na propela ya nyuma begani kama askari na bunduki. Ya mbele alikuwa ameshaifungua kitambo, imelala kwenye majani. Akaanza kucheza lizombe, ngoma ya kwao, mguu mbele mguu nyuma, anatwaa pumzi kwa kishindo.

"Hili gari nimeliteka! Wahehe mmezidi uvivu, mnagombania mzoga! Haliondoki hapa mpaka nipewe mbwa mnono, awe amenona mkia!"

Watu walicheka. Waliohitaji kucheka ndio walicheka zaidi. Kitu kilichotekwa na mtani msibani hakigombaniwi, kinakombolewa, na mtani ndiye anayetaja bei. Nikaelewa alichokifanya. Wale wanawake walioniketia wakacheka mpaka wakanilegezea.

Fundi alichukua jiwe la pili akaliweka nyuma ya tairi la pili. Akanyanyua mkono.

"Ila sikilizeni jamani. Haya mawe msiyaguse. Propela zikitoka, gia haishiki kitu tena. Jiwe likitoka gari linashuka."

Watu wakacheka.

"Nasema kweli!"

"Mngoni akisema kweli mvua inanyesha juani!" mtu akamjibu, na kicheko kikazidi. Fundi mwenyewe akatikisa kichwa, akacheka nao. Angefanya nini?

Shemeji hakucheka. Aliinuka kwenye kiti cha kaka yake, akachukua spana ya magurudumu iliyokuwa karibu na tairi, akasema, "Rudisha hicho chuma."

"Nipe mbwa."

"Nimesema rudisha."

"Basi hata wa kupima, niangalie kama kanona..."

Alimpiga nayo mdomoni. Nilisikia. Sauti ya chuma kwenye meno siifananishi na kitu, na sitaki. Mhehe kampiga mtani, msibani, mbele ya mama yake. Mzee mmoja alishika kichwa kama aliyesikia msiba wa pili.

Fundi aliyumba, akashikilia propela isianguke. Akatema jino kiganjani, akalitazama. Halafu, kwa kuwa mtani naye haruhusiwi kukasirika, akacheka, damu inamchuruzika mpaka shatini.

"Jino hili langu," akasema, "na propela yangu pia."

Shemeji aliingia garini akawasha. Akakanyaga klachi, akaweka gia, akaachia. Injini iliunguruma, gari likatulia palepale. Akaweka ya pili. Akaongeza moto mpaka moshi ukafunika turubai la msiba. Pale alionekana mjinga, na mwanamume mwenye hasira akionekana mjinga ni hatari kuliko nyoka. Akaruka chini, injini inawaka, gia imeingia, akayaona yale mawe.

Nilipiga kelele. Fundi alipiga kelele, "Acha jiwe! Acha!" na wapo waliocheka bado, kwa mazoea. Shemeji alilipiga teke jiwe la kwanza, akalipiga na la pili.

Gari likarudi nyuma. Halikuwa na haraka. Mwanzo lilikwenda taratibu kabisa, mlango ukiwa wazi, injini inanguruma kana kwamba linapanda. Kisha likashika mwendo. Mama mkwe wangu alikuwa ameinama juu ya sufuria, masikio yake yamezeeka, ametupa mgongo vilevile. Waliokuwa naye walikimbia. Nilijikwamua nikakimbia mimi pia, na najua nisingefika.

Fundi alifika. Alikimbia ubavuni mwa gari akaisukumiza ile propela chini ya tairi la nyuma, kwa mikono miwili, kama mtu anayetia kuni jikoni. Tairi liliipanda. Chuma kilipinda kikalia, gari likainuka upande mmoja, likasimama. Bampa ilikuwa imeshaligusa sufuria. Maharage yalimwagika yakauzima moto, na mvuke ukamfunika mama mkwe wangu asionekane. Ncha ya pili ya propela ilifyatuka juu ikampiga fundi muundi wa mguu. Mfupa uliitika kama kuni kavu.

Mama mkwe alitoka kwenye mvuke akiwa mzima, mwiko mkononi. Alilitazama gari. Alimtazama mtani wake, kakaa chini, mdomo damu, mguu umeelekea kusikoelekea mguu. Halafu akapanda ule mteremko polepole mpaka kwa mwanawe. Shemeji alisema, "Mama, mimi..." na mwiko ukamjibu. Alimpiga shavuni, akampiga kichwani, akampiga mgongoni alipogeuka, mwanamume mzima wa Tabata na shati lake la mikono mirefu, na hakuna mkono ulionyooshwa kumzuia. Mwiko ulivunjika. Alimpiga na mpini uliobaki.

"Umempiga mtani," akasema alipoishiwa pumzi. "Umemwaga damu ya mtani kwenye msiba wa kaka yako. Gari ni la huyu Mngoni. Apewe ufunguo. Na wewe usikanyage hapa mpaka umetoa ng'ombe wa kuosha hii aibu."

Wazee waliitikia. Ufunguo ukawekwa kwenye kiganja cha fundi, kilekile chenye jino.

Fundi aliutazama. Alikuwa amekuwa wa kijivu kwa maumivu, jasho linamtiririka. "Mie gari la Wahehe la nini?" akasema, maneno yanampitia pengo. "Linanuka mbwa. Mpeni huyo mama mwenye kung'ata. Anipe jogoo."

Nilimkimbilia kuku wa kwanza niliyemwona. Alikuwa tetea, na fundi mpaka kufa kwake alinidai tofauti.

Mguu wa fundi ulifungwa plasta, na mimi ndiye niliyelala chini ya gari. Yeye alikaa kando yangu kwenye kiti cha plastiki, ananitukana kazi nzima. "Usikaze hivyo, unaua nati! Kaza kama unamkaba mtu unayempenda!" Tulipata propela nyingine kwenye gari lililopinduka, nene kuliko ya mwanzo, tukaifupisha, tukaipeleka ikapimwa. Tulibadilisha difu ya nyuma. Nilijifunza kusikiliza krosi inayokufa, ule mlio wa ti-ti-ti ukiwa unaondoka, na nilijifunza kupiga grisi mpaka ya zamani itoke. Kucha zangu zilikufa moja baada ya nyingine. Spana nimemrushia mara nyingi baada ya hapo, na Mungu alinijalia kukosa zote. Tuligombana hivyo miaka na miaka, yeye anachechemea, mimi natukana, gari linakwenda Kunduchi na kurudi, wanangu wakamaliza shule.

Masika iliyopita moyo wake ulisimama akiwa amekaa kwenye kile kiti cha plastiki.

Nyumba yake iko bondeni, na mvua ilikuwa imeharibu njia. Gari la kanisa lilikwama juu. Wanawe wakaja kwangu. Nilitoa makreti ya samaki, nikasugua sakafu kwa sabuni na ndimu, nikatia fowili, nikashuka. Lilishuka bila kuteleza. Jeneza liliingia pale ambapo huwa naweka barafu, na watu wakaanza kuulizana, "Mtani yuko wapi? Mhehe yuko wapi afanye kazi yake?"

Niliweka mawe manne, mawili kila upande. Nikajiingiza chini ya gari na gauni langu jeusi, matopeni. Nati ninazijua. Nimezitunza kwa mkono wangu, hazina kutu hata chembe, zilifunguka moja baada ya nyingine bila ubishi. Nilitamani zingekuwa zimekamatwa na chumvi kama zamani, zipigwe, zichomwe, siku nzima ipite hatujaondoka.

Propela ya mbele nikaiacha matopeni, nikatoka na ya nyuma. Nikakaa nayo kwenye mlango wa nyuma, mgongo wangu kwenye jeneza.

"Haendi," nikasema.

Wakacheka. Walifurahi sana, wengine walikuwa wamelia tangu alfajiri. Mwanawe mkubwa alikuja ananyoosha mikono aipokee, nikainua chuma juu nimpasue nacho, akaruka nyuma, watu wakapiga makofi. "Mhehe apewe jogoo!" wakapiga kelele, na jogoo akaletwa, mwekundu, miguu imefungwa, akawekwa mapajani mwangu.

"Sitaki jogoo. Nimesema haendi mtu hapa."

Padre alivua miwani akafuta machozi ya kicheko. Mtu mmoja nyuma akasema huyu mama kazi anaijua, hajawahi kuona mtani wa kiwango hiki.

"Nasema kweli," nikawaambia.

Wakaenda kuleta jogoo wa pili.